Shajara ya mradi: kuzipatanisha saa za mashine pepe za Debian na FreeBSD

4 Machi 2024: dalili, na kupima kabla ya kugusa

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna deskitopu moja ya mtumba, koa nne, RAM GB 16, imewekwa Proxmox VE 8 (mfumo wa kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya moja), na ndani yake zinaishi mashine pepe (VM) tatu za SACCOS moja ya mtaani. Nitaziita kwa majina ya kazi zake ili msipotee: db ni Debian 12 (aina ya Linux) yenye databesi ya marejesho ya mikopo, web ni Debian 12 yenye kurasa za kujazia fomu, na faili ni FreeBSD 13.2 (mfumo endeshi mwingine, siyo Linux) inayotunza mafaili na barua pepe. Nimezipokea zikiwa zinafanya kazi tayari, ila saa zake kila moja inasema lake.

Malalamiko yaliyonifikia ni matatu. Kuna risiti za marejesho zina saa ya usiku wakati mwanachama kaja kulipa mchana kweupe. Dada wa uhasibu akijaribu kuingia kwenye web alfajiri akiwa nyumbani zile tarakimu sita za kwenye simu zinakataliwa, halafu akifika ofisini zinakubali kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kwenye faili barua zinafika zikiwa zimeandikwa dakika kadhaa kabla hazijatumwa.

Wengi hapo wangekimbilia kuinstoli NTP (njia ya kompyuta kuulizana saa mtandaoni) kila mahali na kuriboti. Mimi nasema hapana, kwanza pima, maana saa inayokosea inakosea kwa umbo fulani na umbo lile ndilo linakuonyesha uende kutafuta wapi. Ikiwa tofauti imesimama pale pale haisogei, hilo ni jambo la mipangilio. Ikiwa inakua polepole kila saa, hapo kihesabu muda ndani ya VM kina shida. Ikiwa ni sawa kutwa halafu ghafla inaruka, kuna kitu kinaisimamisha VM. Mambo matatu tofauti, na tiba ya moja haisaidii nyingine hata kidogo.

Kwa hiyo nimezima chrony na ntpd, programu zinazosahihisha saa kwa NTP, kwenye zote tatu ili nione saa ikiwa uchi, bila mtu wa kuisahihisha nyuma ya pazia, nikaweka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kila dakika kumi. Kwenye Debian ni `chronyd -Q 'server 0.africa.pool.ntp.org iburst'`, hiyo Q kubwa inapima tu na kuchapa tofauti, haigusi saa. Kwenye FreeBSD ni `ntpdate -q`. Majibu yanaingia kwenye faili la logi. Kabla ya hapo nilihakikisha poti 123 ya UDP iko wazi kwenye ruta, hilo mlicheki mapema, ikizibwa mtahangaika bure: kwenye `chronyc sources` mtaona alama ya kuuliza na safu ya Reach iko 0. Ikisoma 377 maana yake majaribio nane ya mwisho yote yamejibiwa.

Gharama ya hatua hii: sufuri, ni bando kidogo tu.

6 Machi 2024: logi imeongea

Db: mara tu baada ya kuwashwa iko mbele kwa sekunde 10,800, na inabaki hapo hapo. Faili: inachelewa karibu sekunde 4 kila saa, mstari umenyooka unashuka. Web: iko vizuri kutwa nzima, halafu saa nane usiku inaanguka nyuma kama dakika 20 kwa mpigo.

Sekunde 10,800 ni saa tatu kamili. Sisi wa Afrika Mashariki tuko UTC+3 mwaka mzima, hatuna habari za kusogeza saa kiangazi na masika, kwa hiyo ukiona saa tatu kamili mbele au nyuma usitafute uchawi, kuna sehemu mtu kachanganya saa ya hapa na UTC, ile saa ya kimataifa.

7 Machi 2024: db, saa tatu mbele

Hii ndiyo rahisi. Linux inategemea saa ya ubao (ile inayosomwa kompyuta inapowaka) iwe kwenye UTC, Windows kwa kawaida inataka iwe saa ya mahali. Proxmox inajua hilo, kwa hiyo VM ikiandikwa aina yake ni Windows, yenyewe inaipa saa ya ubao iliyowekwa saa ya mahali. Nikacheki `qm config 101` (101 ni namba ya db), kweli, ostype imeandikwa ya Windows wakati ndani kuna Debian. Sasa ikiwa ni saa tisa mchana hapa, VM inaamka, inasoma 15:00, inadhani hiyo ni UTC, inaongeza tatu zake, inaonyesha 18:00. Baadaye chrony inapata mtandao inairudisha nyuma saa tatu, lakini zile risiti zilizoingia katikati tayari zimepigwa muhuri wa jioni.

Marekebisho: `qm set 101 --ostype l26 --localtime 0`, kuizima kabisa na kuiwasha upya (riboti ya ndani haitoshi, mipangilio hii inasomwa VM inapoanzishwa na hosti, yaani deskitopu yenyewe). Ndani yake `timedatectl` inatakiwa iseme RTC in local TZ: no (RTC ndiyo hiyo saa ya ubao).

Nikapitia pia ile ya FreeBSD kwa suala hilo hilo. Huko alama ni faili moja, `/etc/wall_cmos_clock`. Likiwepo, mfumo unaamini saa ya ubao ni ya mahali. Halikuwepo, poa.

Kilichochukua muda si amri, ni risiti zenyewe. Haifai kupunguza saa tatu kwenye rekodi zote kwa mkupuo, maana ni zile tu zilizoingia kati ya kuwaka na kusahihishwa. Nilichukua `journalctl --list-boots` nikapata kila mwasho, nikatafuta kwenye logi ya chrony mstari wa kuruka kwa saa, rekodi zilizo katikati nikaziorodhesha na kumpa mhasibu azilinganishe na vitabu vya karatasi. Databesi ya hela za watu haisahihishwi kwa kukisia. Ilimla jioni yote, na alikuwa na haki ya kukasirika.

12 Machi 2024: faili, FreeBSD inayochelewa

Hapa ndipo penye mambo.

Nilianza kwa kuirudisha ntpd, nikitaka kuona itashindwa vipi. Ilishindwa vizuri sana: kila baada ya muda logi inaandika imeruka, imeruka, imeruka. Nikafungua ntpd.drift, faili ambamo ntpd inaandika saa inakosea mwendo kwa sehemu ngapi kwa milioni, ndani kuna karibu 500 kamili. Ukiona namba hiyo simama hapo hapo. ntpd haiwezi kusahihisha mwendo wa saa zaidi ya sehemu 500 kwa milioni, ambayo ni sekunde 43.2 kwa siku. Saa yetu inapoteza 4 kila saa, yaani 96 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kwa hiyo ntpd inavuta mpaka mwisho wa kamba yake, tofauti inapita milisekunde 128, inachoka inaruka, inaanza tena. Na kama mtu angeiacha ikapita sekunde 1,000 ingejizima kabisa, hiyo ndiyo tabia yake ikiwashwa bila chaguo la `-g`.

Jaribio la pili: nilidhani VM inanyimwa prosesa, nikapunguza mzigo wa db na web usiku. Kuchelewa kulipungua kidogo, hakukuisha. Hilo lilikuwa fununu nzuri lakini halikuwa jibu.

Jaribio la tatu ndilo lilifungua. `sysctl kern.timecounter` inaonyesha vihesabu muda vilivyopo pamoja na alama za ubora, namba kubwa ndiyo bora: HPET(950), ACPI-fast(900), i8254(0). Na kinachotumika, yaani `kern.timecounter.hardware`, kilikuwa i8254! Kile cha mwisho kabisa. FreeBSD yenyewe haiwezi kuchagua hivyo ikiwa na vingine viwili bora, lazima iwe imeamriwa. Nikaangalia `/etc/sysctl.conf`, mstari upo, na pembeni kuna maelezo kwamba imewekwa kwa ajili ya hosti ya zamani. VM hii imehamishwa diski yake kutoka mashine hadi mashine miaka mingi, na zamani ushauri huo ulikuwa wa kawaida, i8254 pamoja na `kern.hz=100` (mapigo ya saa ya mfumo kwa sekunde) kwenye loader.conf. Dawa ya ugonjwa mwingine imeendelea kunywewa mgonjwa akiwa keshapona, ikamletea ugonjwa mpya.

Kwa nini i8254 inachelewa ndani ya VM: ni kihesabu kidogo cha biti 16 kinachokwenda mara 1,193,182 kwa sekunde, kwa hiyo kinajaa na kuanza upya haraka sana, na kerneli (kiini cha mfumo) inategemea intarapti (ishara za kuiamsha) zifike kwa wakati ili ijue kimezunguka mara ngapi. Kwenye kompyuta halisi zinafika. Kwenye VM ambayo hosti imeiweka pembeni ihudumie wengine, intarapti inachelewa au inapotea, na mzunguko ule haurudi tena. Ndiyo maana kupunguza mzigo kulisaidia nusu nusu. HPET na ACPI-fast unavisoma namba yake moja kwa moja, havikudai uhesabu vizunguko vyake kila mara.

Marekebisho: nimefuta mstari ule wa sysctl.conf, nimefuta na `kern.hz` maana FreeBSD ikigundua iko ndani ya VM inajiwekea 100 yenyewe, nimefuta ntpd.drift ili isianze na imani ya zamani, nimeweka `ntpd_enable="YES"` na `ntpd_sync_on_start="YES"` kwenye rc.conf, riboti. Imechagua HPET. Baada ya saa chache drift imetulia kwenye namba ndogo kabisa na kuruka kumekoma.

Mkitaka kujaribu bila riboti, `sysctl kern.timecounter.hardware=ACPI-fast` inabadilisha papo hapo mkiwa mnaangalia.

Gharama: barua pepe zilikuwa chini kwa muda wa riboti, basi.

15 Machi 2024: web, kuruka saa nane usiku

Cron ya hosti 02:00 inaendesha skripti ya bakapu ya web, namba 102: `qm suspend 102`, inakopi diski, `qm resume 102`. Dakika zote ambazo VM imesimamishwa, saa yake nayo imesimama. Ikiamshwa inaendelea pale ilipoachia kama mtu aliyezimia, haijui kama dakika 20 zimepita.

Sasa mtauliza, chrony si ipo kazini siku za kawaida, mbona haisahihishi? Inasahihisha, ila kwa namna yake. Mpangilio unaokuja na Debian ni `makestep 1 3`: ruhusa ya kuruka ni kwenye vipimo vitatu vya mwanzo tu tangu chronyd iwake. Baada ya hapo inasogeza kidogo kidogo, na spidi yake ya juu ni sehemu 83,333 kwa milioni, yaani moja ya kumi na mbili. Piga hesabu: dakika 20 mara 12 ni dakika 240, saa nne nzima. VM imeamka saa nane na dakika ishirini, itakuwa sawa kwenye saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Dada wa uhasibu anaingia saa kumi na moja na nusu, bado iko nyuma kama dakika nne, na zile tarakimu sita kila seti ina maisha ya sekunde 30. Akifika ofisini saa mbili kila kitu kimejipanga. Wiki nyingi watu wakamwambia simu yake ndiyo mbovu, na haikuwa kweli.

Kitu kingine nilichokithibitisha usiku ule, kwenye kipindi hicho cha kusogezwa `sleep 60` kwenye web inaisha kwa sekunde kama 55 za kweli, nimesimamia na saa ya mkononi. Yaani muda wenyewe ndani ya VM unakimbia, na chochote chenye kuhesabu muda wa kusubiri kinakatika mapema. Hiyo inaeleza na yale makosa ya kusubiri yaliyokuwa kwenye logi ya wavuti alfajiri ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Nilichojaribu kwanza: kuongeza `qm guest exec 102 -- chronyc makestep` mara tu baada ya resume. Inajibu 200 OK na haibadilishi kitu. Sababu ni kwamba makestep inaruka kwa kiasi ambacho chrony *inajua* imekosea, na sekunde ile ya kuamka bado haijapima, kwake yeye kila kitu ni shwari. Lazima uilazimishe kupima kwanza:

`chronyc reset sources`
`chronyc burst 4/4`
`sleep 15`
`chronyc makestep`

Nimeziweka kwenye skripti moja ndani ya web na hosti inaiita kupitia guest agent, programu ya ndani ya VM inayopokea amri za hosti (qemu-guest-agent iwe imeinstoliwa na `--agent 1` imewekwa). Imekubali.

Kuna ushauri mtakutana nao wa kuweka `makestep 1 -1`, yaani ruhusa ya kuruka wakati wowote. Kwenye web ningeweza kuuvumilia. Kwenye db siutaki kabisa, saa ikirudi nyuma ghafla katikati ya miamala, mpangilio wa rekodi unavurugika na tumeshaona inavyokuwa.

19 Machi 2024: kuondoa chanzo, siyo kufunika

Skripti ya tarehe 15 ni plasta. Nimehamisha bakapu iende kwa `vzdump --mode snapshot`, ambayo inachukua diski VM ikiwa inaendelea kutembea, guest agent inagandisha mfumo wa mafaili kwa muda mfupi tu. Kuanguka kwa dakika 20 kumekwisha. Skripti nimeiacha kwa siku tutakayorudisha snapshoti yenye RAM (nakala ya VM pamoja na kumbukumbu yake), maana hapo saa itarudi nyuma vile vile.

Halafu nikataka VM za Debian zichukue muda kutoka kwa hosti moja kwa moja, intaneti ikikatika zote zibaki zinaelewana. Njia ipo, moduli ya kerneli inaitwa ptp_kvm. Nikaandika `modprobe ptp_kvm` ndani ya db, ikakataa, haitumiki. Sababu nimeikuta kwenye hosti, siyo kwenye VM: ptp_kvm inataka hosti iwe inatumia TSC, kihesabu kilichomo ndani ya prosesa, kama chanzo cha saa. `cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` kwenye hosti ikasema hpet, na dmesg (logi ya kerneli) ina ule mstari wa Marking clocksource 'tsc' as unstable. Kerneli ilikuwa inailinganisha TSC na saa nyingine, ikaiona inapotoka, ikaitupa.

Kuna watu wanaweka `tsc=reliable` kwenye grub (programu inayoanzisha mfumo) na kuendelea. Hiyo haiitengenezi TSC, inamfukuza tu mlinzi aliyekuwa anaikagua. Nimekataa. Nimeapdeti BIOS ya ubao kwanza, kazi inayotaka umeme usikatike, kwa hiyo niliazima UPS na kuifanya usiku. Tangu hapo TSC imebaki na dmesg imenyamaza. ptp_kvm imekubali, nimeiandika kwenye `/etc/modules-load.d/`, na chrony.conf ya db na web imeongezwa `refclock PHC /dev/ptp_kvm poll 2`. FreeBSD yetu haina hiyo, yenyewe inauliza hosti kwa NTP ya kawaida, kwenye chrony ya hosti nimeweka `allow` ya mtandao wa ndani.

Kumbukeni sasa hosti ndiyo mama wa saa zote. Ikipotea yeye, wote wanapotea pamoja.

28 Machi 2024: umeme umekatika, na mama kapotea

Umekatika mchana, ukarudi baada ya muda mrefu. Hosti imeamka na tarehe ya nyuma kabisa, VM zikaanza kuwaka kabla hosti haijapata mtandao, kila moja ikarithi tarehe ile. Apt, kiinstoli programu cha Debian, inalalamika Release file haijaanza kutumika, vyeti vya usalama vya TLS vinakataliwa, databesi nikaizima kwa mkono kabla hakuna aliyeandika kitu.

Betri ya ubao imekufa, ile CR2032. Mpya shilingi 3,000 dukani kwa fundi saa. Lakini betri peke yake haitoshi, itakufa tena siku nyingine, kwa hiyo nimezuia VM zisiwashwe mpaka saa ya hosti iwe imekubalika. `systemctl edit pve-guests.service`, ambayo ndiyo huduma inayowasha VM, ndani yake:

`[Service]`
`ExecStartPre=-/usr/bin/chronyc waitsync 30 0.5`

Inajaribu mara 30 kila sekunde 10, dakika tano kwa ujumla, ikisubiri tofauti iwe chini ya nusu sekunde. Ile alama ya kutoa mwanzoni msiiache, bila hiyo siku ambayo intaneti haipo kabisa VM hazitawaka na ofisi itafungwa. Nimejaribu nikiwa nimechomoa waya wa mtandao na kuurudisha baada ya dakika mbili, VM zimesubiri kama zilivyoambiwa.

14 Aprili 2024: hali ilivyo

Logi ya dakika kumi kumi imeendelea muda wote. Db na web ziko ndani ya milisekunde moja na hosti, faili iko ndani ya milisekunde chache. Umeme umekatika tena katikati hapa, hakuna risiti iliyopigwa saa isiyo yake. Dada wa uhasibu anaingia alfajiri.

Nimeongezewa kazi ya laptopu ya katibu yenye Debian ndani ya VirtualBox, programu nyingine ya kuendesha VM. Huko Guest Additions, nyongeza ya VirtualBox ndani ya VM, nayo inasahihisha saa, na chrony inasahihisha, wawili wanavutana. Nimeiachia VirtualBox kazi hiyo kwa sababu laptopu inafungwa na kufunguliwa kutwa, chrony nimeiondoa. Ikilala chini ya dakika 20 yenyewe inasogeza pole pole, ikizidi hapo inaruka, ndicho kikomo chake cha kawaida na kinaweza kushushwa kwa `--timesync-set-threshold`, namba ni ya milisekunde. Nimeweka 10000. Bado naifuatilia kabla sijaandika kama inatosha.

Kilichobaki ni UPS yao wenyewe, maana ile ya kuazima imesharudi kwa mwenyewe. Ombi liko kwa bodi.